Ukiondoa Kipande, Nani Atafanya Kazi Yake?

Katika ndege, uzito hauji peke yake. Tuseme mtu anachora ndege ndogo ya kiti kimoja, ya kujengea uani kwake, kisha anaona afadhali aongeze betri na mota ya kuwashia injini ili rubani asihangaike kuzungusha propela kwa mkono. Ni wazo la busara. Lakini betri ina kilo zake na mota ina zake, na kilo hizo lazima ziinuliwe na kitu. Bawa linaongezwa kidogo. Likiongezwa, boriti inayopita ndani yake inapaswa kuwa nene zaidi, na unene huo ni uzito mwingine. Injini iliyokuwa ikitosha sasa inazidiwa, inatafutwa yenye nguvu zaidi. Hiyo nayo inakunywa mafuta mengi, kwa hiyo tangi linakua. Ndege iliyonenepa hutua kwa kishindo, basi miguu ya magurudumu inaongezewa chuma. Mchoraji anapopiga hesabu upya, betri ile imezaa watoto ambao hakuwapanga.

Uzuri ni kwamba hesabu hii huenda pande zote mbili. Ondoa betri, na kila kilichoongezwa kwa ajili yake kinaweza kupunguzwa. Bawa linapungua, boriti inapungua, injini inapungua, tangi linapungua. Tangu ndege za kwanza zilipopaa wamekuwapo watu wenye kiu ya kuifikisha hesabu hiyo mwisho wake. Wamejiuliza ni vipande vichache kiasi gani vinavyotosha kumpandisha mtu mmoja angani na kumrudisha chini salama.

Sura hii inawahusu watu hao, na hoja yake ni moja. Kipande kinaweza kuondolewa, lakini kazi yake haiondoki. Inahamia kwenye kipande kingine, au kwenye mwili wa rubani, au kwenye miezi ya fundi karakanani. Isipopata pa kuhamia, inageuka kuwa ajali. Mchoraji hodari anajua imehamia wapi kabla hajaruka.

Deni la bawa

Kabla ya kuwaendea wachoraji wenyewe, tuweke sawa kanuni moja. Nguvu ya bawa ya kubeba hutegemea eneo lake na kasi ya hewa inayolipitia. Ukiongeza eneo maradufu, bawa hubeba maradufu. Ukiongeza kasi maradufu, bawa lilelile hubeba mara nne. Kwa hiyo anayetaka bawa dogo anaweza kulipata, mradi akubali kuruka kwa kasi. Na kasi hiyo ataikuta tena wakati wa kutua, kwa sababu bawa dogo halikubali kwenda polepole. Kila ndege ina mwendo ambao ukipungua chini yake, hewa haishikani tena na mgongo wa bawa, nalo linaacha kubeba kwa ghafla. Ndege yenye bawa kubwa na uzito mdogo hufikia hali hiyo kwa mwendo wa pikipiki mjini. Yenye bawa dogo huifikia ingali na mwendo wa basi la masafa marefu.

Kuna deni la pili, ukinzani wa hewa. Kila waya, kila nguzo na kila kona iliyo nje hushikwa na upepo, na injini ndiyo inayolipa. Mwili laini uliofunikwa vizuri hukinzana kidogo na hewa, lakini kuutengeneza kunataka muda na ustadi. Mwili wa mraba hutengenezwa kwa wiki chache, kisha unaidai injini kwa miaka yote itakayoruka.

Mianzi ya Santos-Dumont

Alberto Santos-Dumont alikuwa Mbrazili aliyeishi Paris. Oktoba 1906 aliruka mita 60 katika uwanja wa Bagatelle mbele ya umati, kwa ndege aliyoiita 14-bis, dude kubwa lililofanana na rundo la maboksi. Novemba mwaka uliofuata alitokea na kitu cha aina nyingine kabisa. Aliendelea kukirekebisha hadi mwaka 1909, na watu wakakijua kwa jina la Demoiselle.

Ilikuwa ndege ya bawa moja lenye mita tano hivi kutoka ncha hadi ncha. Mwili wake ulikuwa wa fito za mianzi, kwa sababu mwanzi una uwazi ndani, ni mwepesi na haukubali kupindika kirahisi. Injini ilikaa juu ya bawa. Rubani aliketi chini yake, kwenye kipande cha turubai kilichotandikwa karibu na magurudumu, upepo ukimpiga usoni. Mkia wote, wa wima na wa mlalo, ulikuwa msalaba mmoja ulioshikwa na kiungo kimoja, ukageuka wote kwa pamoja. Badala ya sehemu nne za mkia zenye bawaba zake, alihitaji kiungo kimoja tu.

Ilibaki kazi ya kuizuia ndege isilale upande. Santos-Dumont aliifanya kwa mgongo wake mwenyewe. Wenzo wa kupinda ncha za mabawa ulikuwa nyuma ya kiti, umeshikizwa kwenye koti lake. Ndege ikiinamia kushoto, rubani aliegemea kulia kama ambavyo mtu yeyote angefanya kwa silika, na bawa lilipindika kuirudisha sawa. Mikono ilibaki huru kwa kazi nyingine. Hapo utaona waziwazi nani analipa. Kazi iliyoondolewa kwenye vyuma iliwekwa mwilini mwa rubani, na mwili wenyewe ulikuwa sehemu ya mashine. Santos-Dumont alikuwa mtu mdogo, mwepesi, na ndege aliichora kwa kipimo chake. Mtu mzito aliyetaka kuirusha alikuwa na hesabu ya ziada ambayo Santos-Dumont hakuwahi kuipiga.

Hakutaka hataza. Mwaka 1910 michoro yake ilichapishwa katika jarida la Kimarekani la Popular Mechanics, mwenye zana na subira aweze kujijengea. Roland Garros, ambaye jina lake leo liko kwenye viwanja vya tenisi vya Paris, alianza urubani wake kwenye Demoiselle.

Mtu aliyechukia pedali

Robo karne baadaye, Ufaransa hiyohiyo, alikuwapo Henri Mignet. Hakuwa na kiwanda wala shahada ya uhandisi wa ndege. Alikuwa mpenzi wa ndege aliyejenga moja baada ya nyingine, akizipa herufi za jina lake na namba. Alikuwa na ugomvi mmoja mkubwa na ndege za wakati wake: namna zinavyoongozwa.

Ndege ya kawaida, ya wakati ule na ya leo, ina njia tatu za kuongoza. Mkono wa kuongozea ukivutwa au kusukumwa, kibao cha nyuma ya mkia wa mlalo kinapanda au kushuka, na pua ya ndege inafuata. Mkono huohuo ukipelekwa kushoto au kulia, vibawa vidogo kwenye ncha za mabawa, yaani eleroni, vinapishana, na ndege inalala upande. Pedali za miguuni zinageuza usukani wa mkia wa wima. Ili kukata kona vizuri, mkono na miguu lazima vipatane. Mwanafunzi hutumia saa nyingi kuvipatanisha, na asiyevipatanisha karibu na ardhi, ndege ikiwa na mwendo mdogo, anaweza kuanguka huku akizunguka.

Mignet aliona hapo ndipo watu wa kawaida wanapofia. Akaamua kuondoa eleroni na pedali, vyote viwili. Matokeo yake yalikuwa HM.14, iliyoruka Septemba 1933 karibu na Soissons. Aliiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani.

Ilikuwa ndege fupi ajabu, kama mita tatu na nusu kutoka pua hadi mkia, yenye mabawa mawili yaliyofuatana, moja mbele juu na jingine nyuma chini kidogo, karibukaribu. Mkia wa mlalo haukuwapo. Bawa la nyuma ndilo lililofanya kazi yake, na papo hapo likasaidia kubeba uzito. Bawa la mbele halikufungwa imara, lilining'inia kwenye egemeo na kucheza. Rubani akivuta mkono wa kuongozea, kebo zilivuta ukingo wa nyuma wa bawa hilo chini, bawa zima likainua uso dhidi ya upepo, na ndege ikapanda. Akiupeleka mkono kushoto, usukani wa nyuma uligeuka kushoto. Ndege ililala yenyewe kwa sababu ncha za mabawa zilikunjwa kwenda juu. Pua ikigeuka, bawa la upande wa nje lilikutana na hewa kwa pembe kubwa kuliko la ndani, likanyanyuka. Mkono mmoja tu uliongoza kila kitu, na miguu haikuwa na kazi.

Injini ya mwanzo ilikuwa ya mipigo miwili, yenye nguvu za farasi 17 hivi. Mwili ulikuwa sanduku la plaiwudi, mabawa mbao na kitambaa. Mwaka 1934 Mignet alichapisha kitabu, Le Sport de l'Air, chenye michoro na maelezo, akimhakikishia msomaji kwamba anayeweza kupigilia misumari kasha la mbao anaweza kujenga ndege. Watu walimsadiki. Kitabu kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1935, Waingereza nao wakaanza kukata plaiwudi katika vyumba na magereji. Agosti mwaka huo Mignet mwenyewe aliruka kwa Chawa wake kuvuka bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza, na wakosoaji wakanyamaza.

Kisha watu wakaanza kufa.

Mtego uliokuwa ndani ya dawa

Ajali zilizofuatana kati ya mwaka 1935 na 1936 zilikuwa na sura moja. Ndege inashusha pua, rubani anavuta mkono ili aiinue, na badala ya kuinuka inazidi kwenda chini hadi inapiga ardhi. Kwa rubani ni jambo lisiloingia akilini. Amefanya alichofundishwa, kwa nguvu zake zote, na mashine imejibu kinyume.

Ufaransa na Uingereza zilichukua ndege nzimanzima zikaziweka kwenye mahandaki ya upepo, Chalais-Meudon na Farnborough, ambako feni kubwa huvuta hewa kupita kwenye ndege iliyofungwa huku mizani ikipima nguvu zote. Majibu yalipatikana mwaka 1936.

Siri ilikuwa kwenye nafasi kati ya mabawa mawili. Mignet aliyaweka karibu kwa makusudi. Hewa inayopita kwenye upenyo huo huongeza kasi na kushikana vizuri na mgongo wa bawa la nyuma, kwa hiyo bawa hilo halipotezi nguvu yake hata ndege ikienda polepole sana. Hiyo ndiyo dawa aliyojivunia: ndege isiyoanguka kwa kukosa mwendo. Na katika hali ya kawaida, dawa ilifanya kazi.

Lakini pua ikishuka kupita kiasi fulani, mambo yanageuka. Rubani anavuta mkono, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele unateremka na kusogelea bawa la nyuma. Upenyo unabanwa, hewa inapita kwa kasi zaidi juu ya bawa la nyuma, nalo linapata nguvu zaidi ya kuinua. Bawa la nyuma likiinuka, mkia unapanda na pua inazidi kushuka. Kadiri anavyovuta, ndivyo inavyochimba. Uzito ukiwa umewekwa nyuma kidogo kuliko inavyotakiwa, kosa rahisi kwa fundi wa uani asiye na mizani nzuri, mtego ulifyatuka mapema zaidi.

Uingereza ilisitisha vibali vya Chawa, na homa ikaisha kwa haraka kama ilivyoanza. Mignet hakukata tamaa. Ndege zake za baadaye zilirekebishwa jinsi mabawa yanavyopishana, umbo la mkato wa bawa na mahali pa uzito, na wafuasi wake wakaendelea na kazi hiyo. Ndege za ukoo huo ziliendelea kuruka Ufaransa miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1965, na hazina mtego ule.

Ni rahisi kumhukumu Mignet kuwa fundi wa kubahatisha. Hukumu hiyo si ya haki. Wazo la kuongoza kwa mkono mmoja lilikuwa zuri na bado ni zuri. Kosa lilikuwa pengine. Mkia wa mlalo wa ndege ya kawaida, ulio mbali nyuma, una kazi mbili: kuielekeza pua, na kuirudisha ndege sawa inapoyumba. Mignet alihesabu kazi ya kwanza na akaipatia mfanyakazi mpya, bawa la mbele linalocheza. Kazi ya pili aliipa bawa la nyuma bila kupima kama litaiweza katika kila pembe. Angani, kwenye pembe ambayo yeye hakuifikia, kazi hiyo haikuwa na mtu.

Sanduku la San Diego

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mhandisi wa ndege W. S. Evans wa San Diego, Marekani, alishika njia tofauti. Hakutaka kuvumbua chochote. Ndege yake VP-1, maarufu kama Volksplane, ina bawa moja, mkia na njia zote tatu za kuongoza. Alichopunguza ni ugumu wa kujenga. Mwili ni sanduku la plaiwudi lenye pande bapa, hakuna mahali ubao unapindwa pande mbili kwa wakati mmoja. Bawa linashikiliwa na nguzo za nje, jambo linaloruhusu boriti nyepesi na hesabu rahisi. Injini ni ya gari la Volkswagen, ile ya kupozwa kwa hewa, inayopatikana popote penye magari hayo. Katika hili alifuata mkondo wa zamani: Bernard Pietenpol wa Minnesota alikwisha kurusha ndege ya mbao kwa injini ya gari la Ford Model A mwaka 1929.

Nani analipa katika VP-1? Injini. Sanduku bapa, nguzo za nje na rubani aliyekaa wazi hukinzana sana na hewa, kwa hiyo ndege inahitaji nguvu za farasi 40 au zaidi kumbeba mtu mmoja kwa mwendo ambao si wa kujivunia. Evans alilijua hilo na alilikubali wazi. Alikuwa akiwachorea watu wenye msumeno wa mkono na gundi, nao wangeona afadhali kununua petroli zaidi kuliko kukaa karakanani miaka mitano.

Ndege ndogo yenye injini mbili

Mfaransa Michel Colomban alilipa kwa sarafu nyingine kabisa. Alikuwa mhandisi wa ndege kwa kazi, na nyumbani alichora ndege aliyoiita Cri-Cri kwa jina la utani la binti yake. Iliruka mara ya kwanza Julai 1973 huko Guyancourt, karibu na Paris, ikiwa na rubani Robert Buisson. Mabawa yake ni mita 4.9 kutoka ncha hadi ncha, urefu mita 3.9. Bila rubani wala mafuta, toleo lake lililoenea zaidi, MC15, lina kilo 78 hivi, sawa na mtu mzima wa kawaida.

Na ina injini mbili. Mtu anayepunguza vipande angewezaje kuongeza injini? Jibu linaonyesha jinsi Colomban alivyofikiri. Injini za mipigo miwili za aina ya misumeno ya kukatia miti zilikuwa nyepesi, za bei nafuu na zinapatikana, lakini moja pekee haikutosha. Za kwanza zilikuwa na nguvu za farasi 9 kila moja, na baadaye zikafungwa za farasi 15. Alizifunga mbele ya rubani, kwenye mikono miwili iliyotanuka kutoka puani, propela zake ndogo zikikaribiana. Ukaribu huo una maana. Injini moja ikizimika, iliyobaki haivuti pua upande kwa nguvu kama ingevuta ikiwa mbali kwenye bawa. Kipande kimeongezwa kwa sababu ndicho kilichokuwa chepesi kuliko kutokiongeza.

Tulitazame bawa lake kwa karibu, maana humo ndimo akili ilipo. Bawa la alumini la kawaida lina mbavu za alumini zilizoachana, na ngozi ya alumini iliyopigiliwa riveti. Ngozi nyembamba ikikaa juu ya mbavu zilizoachana sana hukunjamana inapobanwa, kwa hiyo mchoraji huinenepesha, na uzito unapanda. Colomban alitumia mbavu za povu gumu la plastiki, nyepesi kiasi cha kutohesabika, akazipanga karibukaribu na kuigandisha ngozi juu yake kwa gundi. Ngozi ya nusu milimita hivi sasa ina wa kuishikilia kila mahali. Gundi imeondoa riveti, na bila vichwa vya riveti na mabonde yake uso wa bawa unakuwa laini. Uso laini unapunguza ukinzani wa hewa. Ukinzani ukipungua, injini ndogo inatosha, na injini ndogo inaruhusu bawa dogo. Uamuzi mmoja kuhusu mbavu umeishusha hesabu nzima, kinyume kabisa cha ile betri tuliyoanza nayo.

Nyuma ya bawa, karibu urefu wote, kuna kibawa kimoja kila upande kinachofanya kazi mbili. Vikipishana ni eleroni; vikishuka pamoja vinaisaidia ndege kutua polepole. Hapo vipande vimepungua, lakini kila kazi imeandikiwa mwenyewe. Njia zote tatu za kuongoza zipo. Matokeo ni ndege inayokwenda kilomita 200 kwa saa kwa injini ambazo jumla yake hazifikii ya gari dogo, na inaweza kupinduka angani kwa michezo ya maonyesho.

Bili ya Cri-Cri huja kwa njia tatu. Ya kwanza ni saa za fundi, kwani bawa la gundi na povu halisamehe mkono wa haraka, na kazi nzima huhesabiwa kwa mamia mengi ya saa. Ya pili ni uwanja. Uzito wake wote ukiwa kilo 170 na eneo la mabawa mita za mraba 3.1, kila mita ya mraba inabeba kilo 55, mzigo mkubwa kwa ndege ndogo hivyo. Bawa linaacha kubeba mwendo ukishuka chini ya kilomita 70 na kidogo kwa saa, na magurudumu yake madogo yanataka njia ngumu, si malisho ya ng'ombe. Ya tatu ni rubani mwenyewe. Toa kilo 78 za ndege kwenye 170, zinabaki 92. Rubani wa kilo 80 anabakiwa na kilo 12 za mafuta na vingine vyote.

Hesabu hiyo haijabadilika hata teknolojia ilipobadilika. Julai 2015, Mfaransa Hugues Duval alivuka bahari ile aliyoivuka Mignet, safari hii kwa Cri-Cri ya umeme, siku moja kabla ya kampuni ya Airbus kuvusha ndege yake ya umeme. Lakini Cri-Cri yake ilibebwa na ndege nyingine hadi angani ndipo ikaachiwa iruke yenyewe. Kazi ya kupaa ilikuwa na mlipaji wake.

Sheria nayo inahesabu

Serikali nazo zimeijua hesabu hii. Marekani, kanuni iliyoanza mwaka 1982 inaruhusu mtu kurusha ndege nyepesi sana bila leseni ya urubani na bila cheti cha ubora wa ndege. Masharti yake yanasema mengi. Ndege iwe ya kiti kimoja, isizidi kilo 115 ikiwa tupu, isibebe zaidi ya lita 19 za mafuta, isipite kilomita 102 kwa saa, na isiruke juu ya maeneo yenye msongamano wa watu. Kwa maneno mengine, serikali imeondoa kipande kiitwacho ukaguzi, kisha ikahakikisha kwamba atakayelipa ukaguzi ukikosekana ni yule aliyeketi kwenye kiti hicho kimoja, na kwamba kile kitakachoanguka ni kidogo na kinakwenda polepole.

Wanaotaka ndege kubwa kuliko hiyo wanaijenga chini ya kanuni nyingine, inayotaka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mwenye ndege mwenyewe kwa ajili ya elimu au burudani. Hapo ukaguzi unarudi na leseni inarudi.

Kabla hujakata ubao wa kwanza

Mara kwa mara habari za Afrika Mashariki hutuonyesha kijana aliyejenga ndege kwa mabati na injini ya pikipiki nyuma ya nyumba yao. Watu humshangilia, na anastahili. Ila kipaji cha mikono ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika kwa kalamu, na maswali yake ni machache.

Kwanza, orodhesha kazi kabla ya vipande. Kubeba, kusukuma, kuielekeza pua, kulaza upande, kugeuza, kujirudisha sawa, kuhimili kishindo cha kutua. Mbele ya kila kazi andika kipande kinachoifanya. Kazi isiyo na jina mbele yake ndiyo itakayokuua, hata kama ndege yako ni nzuri kuliko zote ulizoziona.

Pili, amua mapema sarafu ya malipo. Ukiwa na muda na mikono mizuri, mfuate Colomban. Ukiwa na injini yenye nguvu na haraka ya kuruka, mfuate Evans. Anayetaka wepesi wa Cri-Cri kwa muda wa VP-1 hana ndege, ana ndoto.

Tatu, pima uzito na mahali ulipo. Weka mizani chini ya kila gurudumu, rubani akiwa kitini na mafuta yakiwa tangini, piga hesabu kituo cha uzito kiko wapi, kisha rudia tangi likiwa tupu. Kikiwa nyuma ya mpaka uliowekwa na mchoraji, ndege hiyo hairuki hadi irekebishwe, hata kama umati umekwisha kukusanyika.

Na kwa ndege ya kwanza, usichore yako. Nunua michoro ya ndege ambayo wengine wamekwisha kuijenga na kuirusha miaka mingi, maana hitilafu zake zimekwisha kulipiwa. Nenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, iwe TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, kabla ya kununua plaiwudi, si baada ya kumaliza. Jifunze kurusha kwenye ndege iliyothibitishwa, pamoja na mwalimu. Mignet alitaka anga liwe la kila mtu, na katika hilo alikuwa sahihi. Wasomaji wake walilipia sehemu ya michoro ambayo haikuwa imepimwa. Wewe pima kwanza.